Pemba ipimwe kwa ratiba, si kwa kilomita

UMBALI wa angani kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba ulio karibu na mji wa Chake Chake ni kilomita 125 hivi. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambazo zimezoeleka sana katika njia hiyo, huenda kwa mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 25, na ukiongeza muda wa kupaa na kutua unafika nusu saa.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayotajwa na kila anayetaka kumshawishi mtu aweke fedha zake Pemba. Hata hivyo, mfanyabiashara atakayeitumia peke yake kupanga mtaji wake atajikuta na hasara asiyojua ilikotoka. Kati ya Unguja na Pemba, kinachokula fedha si muda wa kuwa angani wala baharini. Ni muda wa kungoja.

Mlango kwa mlango

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Wete anayekwenda kununua mali Darajani na Mlandege. Kutoka Wete hadi uwanja wa ndege, kwa gari la abiria linaloshusha na kupakia njiani, ni vyema ahesabu saa moja. Anatakiwa kufika uwanjani mapema, tuseme saa moja kabla ya ndege kuondoka. Yuko angani nusu saa. Akishuka Kisauni, kuchukua begi na kuingia mjini ni nusu saa nyingine. Nusu saa ya kwenye tiketi imekwishakuwa saa tatu.

Akienda kwa njia ya bahari, hushuka kwanza Mkoani, kusini kabisa mwa kisiwa, ambako meli nyingi za Unguja hutia nanga. Bandari ya Mkoani na ile ya Malindi ziko umbali wa kilomita 100 hivi kwa mstari ulionyooka, ambazo chombo huzipita kwa saa kadhaa kutegemea aina yake na hali ya bahari. Upepo wa kusi unapovuma, maji ya mbele ya Nungwi hupunguza mwendo wa hata chombo kizuri. Kwa jumla, safari ya bahari kutoka dukani Wete hadi Darajani humla mtu siku nzima au usiku mzima.

Hadi hapo ndege imeshinda. Lakini bado haijaulizwa ndege ya kurudi ni saa ngapi.

Mpaka wa faida

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa maandishi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila msomaji aweke zake.

Ikiwa nauli ya meli ni sh. 35,000 kwa kila upande na kulala Unguja ni sh. 30,000 kwa usiku, safari ya siku tatu na usiku mbili itagharimu sh. 130,000. Juu ya hapo kuna faida ya duka inayopotea kwa siku tatu ambazo mwenye mali hayupo. Ikiwa nauli ya ndege ni sh. 140,000 kwa kila upande, na kuna ndege ya asubuhi ya kwenda na ya jioni ya kurudi, safari itagharimu sh. 280,000 pamoja na faida ya siku moja tu.

Kwa hesabu hiyo, mfanyabiashara anayepata faida ya sh. 75,000 kwa siku hana hasara wala nafuu kwa kupanda ndege. Anayepata zaidi ya hapo, ndege ni rahisi kwake kuliko meli. Anayepata chini ya hapo, meli ndiyo usafiri wake.

Sasa iondolewe ndege ya jioni. Nauli ni ile ile, umbali ni ule ule na mwendo wa ndege ni ule ule, ila mfanyabiashara analazimika kulala. Gharama inakuwa sh. 310,000 na faida ya siku mbili. Mpaka ambao ndege inaanza kulipa unapanda kutoka sh. 75,000 hadi sh. 180,000 za faida kwa siku. Maana yake ni kuwa kuondolewa kwa ndege moja ya jioni kunawatoa sokoni wafanyabiashara wote walio kati ya viwango hivyo viwili, na hao ndio wengi katika miji midogo kama Wete, Mkoani na Konde.

Hayo yametokea bila kilomita hata moja kuongezeka, na hakuna mtambuo wa umbali unaoweza kuyaonyesha.

Mali inayongoja

Abiria anaweza kupanga safari yake kufuata ratiba. Mzigo hauna uwezo huo, kwa kuwa huwa tayari unapokuwa tayari. Kanuni yake ni nyepesi: ikiwa safari zimepangwa kwa nafasi zinazolingana, mzigo ulio tayari wakati wowote utangoja, kwa wastani, nusu ya muda ulio kati ya safari moja na nyingine. Chombo kikienda kila siku, wastani wa kungoja ni saa 12. Kikienda kila baada ya siku mbili, ni siku nzima. Kikienda mara moja kwa wiki, ni siku tatu na nusu.

Linganisha na faida ya kuongeza mwendo. Mwenye meli akinunua chombo kinachopunguza safari kutoka saa sita hadi saa nne, ameokoa saa mbili. Mwenye meli ile ile ya saa sita akiongeza safari kutoka kila baada ya siku mbili hadi kila siku, amempunguzia mwenye mzigo saa 12 za kungoja. Hata hivyo, matangazo ya vyombo vya usafiri husifu mwendo, na ni nadra kusifu wingi wa safari.

Ghala nalo hutoa ushahidi. Duka linalouza mifuko 20 ya saruji kwa siku, likiwa na uhakika wa kupata mzigo kila baada ya siku mbili, linahitaji mifuko 40 tu. Mzigo ukija mara moja kwa wiki, linahitaji mifuko 140. Kwa bei ya mfano ya sh. 18,000 kwa mfuko, akiba ya kwanza ni sh. 720,000 na ya pili ni sh. 2,520,000. Tofauti ni sh. 1,800,000 zilizolala ghalani. Kama ni fedha za mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, mwenye duka analipa sh. 324,000 kila mwaka kwa kungoja tu, na analipia tena ghala kubwa zaidi na mifuko itakayoganda kwa unyevu wakati wa masika. Gharama hiyo huishia kwa mnunuzi, ambaye husema kuwa Pemba kila kitu ni ghali kwa sababu ni mbali.

Fedha nazo zimebadilisha hesabu hii kwa namna ambayo wengi hawajaitafakari. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, malipo huvuka mkondo kwa sekunde chache. Zamani mnunuzi alifika na fedha mkononi, akalipa na kuondoka na mali yake. Siku hizi hulipa leo akiwa Chake Chake, na mali hupanda meli chombo kitakapopatikana. Muuzaji wa Unguja ameshapata fedha zake na kuzizungusha. Siku zote za kungoja zimebaki mikononi mwa mnunuzi wa Pemba.

Si kila bidhaa ina haraka

Haifai kudai kuwa kila kitu cha Pemba kinahitaji ndege. Bidhaa kuu ya kisiwa haina haraka. Tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imetoka Pemba. Karafuu iliyokauka vizuri hukaa ghalani miezi bila kuharibika. Mwani mkavu ni hivyo hivyo. Bidhaa hizi mbili zinahitaji nauli nafuu kwa tani na bandari isiyochelewesha upakiaji. Saa mbili zaidi au pungufu baharini hazibadilishi bei yake.

Samaki na pweza ni habari nyingine. Mvuvi wa Kojani au wa Micheweni akipandisha samaki alfajiri, thamani yake huanza kushuka jua linapochomoza. Bila barafu ya kutosha, na bila chombo kinachoondoka siku hiyo, atauza kwa bei ya pale pale pwani, hata kama soko la Unguja lina bei nzuri. Kwa mvuvi huyo, Unguja iko mbali kwa kiasi cha siku zinazobaki hadi chombo kijacho.

Kundi la tatu ni vitu vyepesi vyenye thamani kubwa: vipuri vya mashine, dawa, nyaraka za zabuni, simu. Hivi vinastahili ndege, na uzito wake huendana na mipaka ya ndege ndogo, ambazo hubeba abiria 12 au 13 na kwa kawaida humruhusu kila mmoja kilo 15 za mizigo. Mwekezaji mdogo anayetafuta nafasi Pemba aanze kwa kujiuliza bidhaa yake iko katika kundi gani kati ya haya matatu, kabla ya kuuliza bei ya kiwanja.

Kaskazini na magharibi

Mazoea ya utawala na biashara yamefanya Pemba itazame kusini, yaani Unguja na Dar es Salaam. Ramani inasema jambo jingine. Kutoka uwanja wa Pemba hadi uwanja wa Tanga ni kilomita 84 hivi angani, wakati hadi Dar es Salaam ni kilomita 190. Tanga ina bandari, ina kiwanda cha saruji, na ina barabara inayopanda hadi Moshi na Arusha. Duka la mfano lililotajwa hapo juu linaweza kukuta kuwa saruji yake iko karibu zaidi upande wa magharibi kuliko upande wa kusini. Safari za ndege na za meli kati ya Pemba na Tanga zimewahi kuendeshwa, na wafanyabiashara walizitumia. Suala ni zipatikane mara ngapi kwa wiki, na je, zinadumu?

Mombasa nayo iko kilomita 137 tu kutoka uwanja wa Pemba, karibu sawa na Unguja. Lakini Mpemba ambaye hana ndege ya moja kwa moja hushuka kwanza kilomita 125 kusini hadi Unguja. Hata akibahatika kupata pale ndege ya kwenda Mombasa bila kusimama, atarudi kaskazini kilomita 246. Amesafiri kilomita 371 kufika mahali palipo kilomita 137, na njiani amepita tena karibu na kisiwa alichotoka asubuhi. Akipitia Dar es Salaam au Nairobi, umbali unazidi hapo.

Kwa miaka mingi Serikali imelalamikia magendo ya karafuu kwenda Kenya. Tofauti ya bei ni sababu kubwa na inajulikana. Lakini njia fupi isiyo na huduma ya halali ya mara kwa mara, yenye forodha na uhamiaji, huwaachia nafasi wale wasiohitaji forodha. Kufungua njia rasmi hakutamaliza magendo, ila kutampa mfanyabiashara mwaminifu njia ya kushindana.

Uwanja mkubwa, ndege chache?

Njia ya kurukia ndege ya Pemba yenye urefu wa mita 1,525 inatosha ndege ndogo na baadhi ya ndege za pangaboi. Haikukusudiwa jeti kubwa zinazoleta watalii moja kwa moja kutoka nje. Ndiyo maana katika miaka ya 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliingia katika mpango wa kuupanua uwanja huo, sambamba na ujenzi wa barabara ya Chake Chake hadi Mkoani. Mipango yote miwili ni mizuri. Barabara hasa, kwa sababu inapunguza muda wa kila msafiri wa bahari, awe tajiri au mchukuzi.

Lakini wanaotazama uwanja kama fursa ya uwekezaji wana jambo la kuangalia. Ndege nne za viti 12 kwa siku ni viti 48. Ndege moja ya viti 48 ni viti 48 vile vile. Kwa mwenye ndege, ndege moja kubwa ina gharama ndogo kwa kila kiti, na nauli inaweza kushuka. Kwa msafiri, nafasi kati ya safari imeruka kutoka saa chache hadi saa 24. Mfanyabiashara aliyekuwa akienda asubuhi na kurudi jioni sasa analala. Kama hesabu ya awali ilivyoonyesha, punguzo la nauli linaweza kumezwa lote na usiku mmoja wa nyumba ya wageni na siku moja ya duka kufungwa.

Wapo watakaosema kuwa soko litajirekebisha, kwamba nauli ikishuka abiria wataongezeka, na safari zitaongezeka pia. Hoja hiyo ina uzito, na katika njia zenye watu wengi imethibitika. Kwa kisiwa chenye wasafiri wengi wa kipato kidogo, ambao mbadala wao ni meli, haiwezi kuchukuliwa kuwa itatimia yenyewe. Ni bora kampuni zinazoomba nafasi katika uwanja uliopanuliwa ziulizwe mapema: safari ngapi, saa ngapi, na msimu wa watalii ukiisha itakuwaje?

Usalama ni sehemu ya ratiba

Kuna sababu nyingine ya kutaka safari nyingi badala ya vyombo vichache, nayo haihesabiki kwa shilingi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa ilibeba watu wengi kupita kiwango chake. Mzembe wa sheria abebe lawama yake. Lakini chombo kinapokuwa cha nadra, kila mtu hutaka kupanda hicho hicho, kwa kuwa kijacho hakijulikani. Msafiri anayejua kwamba kesho asubuhi kuna chombo kingine kwa nauli ile ile ana sababu ndogo ya kusukumana gatini.

Tangu wakati huo vyombo vimeongezeka na vimekuwa bora. Serikali ilipokea MV Mapinduzi II mwishoni mwa mwaka 2015, na makampuni binafsi yameleta meli zinazobeba magari na shehena. Hata hivyo, kisiwa kinachotegemea chombo kimoja au viwili vikubwa hubaki mashakani kila kimoja kinapokwenda chelezoni kwa matengenezo.

Ushauri kwa mwekezaji

Kwa wanaotaka kuingia katika soko la Pemba mambo manne yafaa kuzingatiwa.

Kwanza, andika muda wa mlango kwa mlango pamoja na muda wa kungoja, kisha ugeuze kuwa fedha kwa kutumia faida ya siku ya biashara yako. Ukikuta huduma ya saa sita ya kila siku na nyingine ya saa tatu ya mara moja kwa wiki, kwa mzigo wa kawaida ile ya kwanza ndiyo ya haraka.

Pili, kabla ya kukodi ghala au kujenga chumba cha baridi, chunguza ratiba ya miezi 12, si ya wiki moja. Safari zilizopo wakati wa kaskazi na msimu wa watalii zinaweza kupungua masika. Biashara ya samaki iliyojengwa juu ya ratiba ya Desemba inaweza kufa Aprili.

Tatu, kuwa mwangalifu katika nyaraka za mizigo inayotoka nje. Kuna mji wa Pemba nchini Msumbiji, wenye uwanja wa ndege wenye alama POL, ulio zaidi ya kilomita 850 kusini mwa kisiwa. Alama ya uwanja wa Pemba ya Tanzania ni PMA. Herufi hizo tatu ziandikwe kwenye kila hati, kwa sababu jina peke yake halitoshi, na kurudisha mzigo kutoka Msumbiji kunaweza kuzidi thamani ya mzigo wenyewe.

Nne, na hili ni kwa jumuiya za wafanyabiashara: ombi kwa Serikali na kwa wenye vyombo lisiwe la mwendo mkubwa zaidi. Liwe la ratiba inayotangazwa mapema, inayofuatwa, na yenye safari ya kurudi siku hiyo hiyo. Bei za nauli huzungumzwa sana katika mikutano, ilhali ratiba huachwa kuwa siri ya mwenye chombo. Ratiba ya kudumu ina thamani sawa na punguzo la nauli, na mara nyingine inazidi, maana ndiyo inayomwezesha mwenye duka la Wete kupunguza akiba yake, kulipa mkopo wake mapema na kushusha bei.

Kilomita 125 hazitapungua hata uwanja urefushwe kiasi gani. Kinachoweza kupunguzwa ni siku za kungoja, na siku hizo zina mwenye kuzilipia kila wiki: mteja wa Wete anayenunua mfuko mmoja wa saruji.